Attracta Geraghty, Aliyemsimamisha Mkurugenzi

Wasikilizaji wapendwa, wekeni vikombe chini kidogo. Attracta Geraghty hatunaye. Amefariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita, katika wodi ya dharura ya hospitali yetu hapa Kilvarna. Narudia: hapa Kilvarna. Neno hilo lishikeni.

Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha maziwa. Baba yake alikuwa dereva wa lori la maziwa, mama yake, Philomena, akiwapikia wapangaji. Jumapili watu walijazana jikoni kwao kuimba, na sheria mnaijua. Aliyeimba ndiye humtaja anayefuata. Aliyetajwa hakatai. Kama hana wimbo, atoe hadithi, lakini asimame. Na akishasimama, asichekwe.

Attracta alipokuwa na miaka saba aliimba, akamaliza, akamtaja padri. Watu wakashika midomo. Padri akasimama, akaimba kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Hakuna aliyecheka.

"Siku ile ndipo alipojua," anasema dada yake mkubwa, Nuala. "Alijua kuna kitu kinaweza kumsimamisha mtu yeyote, awe nani."

Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa mbele ya bendi, akizunguka kumbi za dansi wilaya nzima. Mwaka wa themanini na moja akarekodi London. Wimbo wake wa koti jekundu ukapanda hadi nafasi ya nne kwenye chati. Nafasi ya nne, wasikilizaji. Binti wa dereva wa lori.

Lakini wenye kampuni walisema jina Attracta halitauza. Wakaandika Tracy kwenye jalada. Hawakumuuliza. Wakubwa wa dunia hii wote wamenyonya ziwa moja. Alipoleta sahani ile ya santuri nyumbani, Philomena aliigeuza mara mbili.

"Tracy ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nilimzaa Attracta. Huyo Tracy mwambie asije hapa kula viazi vyangu."

Wiki iliyofuata, kwenye televisheni, mtangazaji alimkaribisha Tracy. Yeye akasogea kwenye kipaza sauti, akasema, "Attracta Geraghty, wa Kilvarna," ndipo akaimba. Kampuni ilinuna. Sahani iliyofuata ilitoka na jina lake kamili, nayo ikauzika kuliko ya kwanza. Aliimba miaka ishirini, Ulaya nzima, kisha akarudi kwenye nyumba ile ile ya tatu kutoka kiwandani.

Alikuta wakubwa wa afya wameanza kazi yao. Haikupita miaka mingi, wodi ya dharura ikafungwa. Ilifungwa kwa kalamu, na watu ambao hawajawahi kulala Kilvarna hata usiku mmoja. Mgonjwa wa moyo akaambiwa aende kilomita sabini. Mke wangu Concepta alikwenda hizo kilomita sabini. Alifika hamsini.

Attracta alikuwa mazishini. Aliniambia, "Hawa watu, Colman, hakuna anayewataja." Sikumwelewa.

Baada ya miaka miwili, mwezi wa tano, ikafanyika karamu hotelini ya kutimiza miaka themanini ya hospitali. Hospitali waliyoikata mguu, halafu wakaiandalia keki. Mkurugenzi wa afya, Fintan Cawley, alikaa meza ya mbele. Sisi wa redio tulikuwa tukirusha moja kwa moja. Attracta aliimba ile ya koti jekundu. Makofi yakaisha, lakini hakushuka.

"Nimeimba. Sasa namtaja Fintan Cawley."

"Ah, Attracta, nihurumie. Mimi na kuimba hatujawahi kujuana."

"Basi tupe hadithi. Tusimulie wodi itafunguliwa lini."

Cawley akaangalia chai yake kama vile jibu limezama humo. Mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "Simama, bwana. Padri alisimama."

Akasimama. Ni wa huku huku, alilelewa jikoni kama sisi. Miguu yake ilijua sheria kabla ya kichwa.

"Kabla ya Krismasi," akasema.

"Krismasi ya mwaka gani?"

"Mwaka huu."

"Asante, Fintan. Kaa chini, mwanangu, umejitahidi."

Mwezi wa kumi na moja ukafika, mlango bado una kufuli. Basi kila asubuhi, baada ya matangazo ya vifo, tulirusha sauti ya Cawley: Mwaka huu. Kila asubuhi, mwezi mzima. Tarehe kumi na tisa Desemba wodi ilifunguliwa. Wakubwa walisema huo ulikuwa mpango wao tangu mwanzo. Waache waseme. Sisi tuna kanda.

Jumatatu Attracta alibanwa na kifua akimenya viazi. Nuala alipiga simu. Dakika kumi baadaye, mdogo wake alikuwa kitandani wodini, mkono wake mkononi mwa Nuala.

"Zile dakika kumi zilitupa siku nzima," Nuala anasema. "Tulitukanana, tulicheka. Jioni akaimba polepole, ubeti mmoja tu. Kisha akanitaja mimi. Nikamwambia, dada, miaka yote hii umenisamehe, mimi siimbi, nikijaribu mbwa wanaondoka. Akasema, si leo. Ukiwa tayari."

Kwa Nuala, kwa ukoo wote wa Geraghty, na kwa wauguzi wa wodi ile, redio hii inawapa pole. Na wewe unayesikiliza, fikiri ni nani anayekaa meza ya mbele mahali pako, ambaye hakuna aliyewahi kumtaja.

Mazishi ni kesho saa tano asubuhi. Kaburini atasimama Nuala. Ana miaka sabini na mbili na hajawahi kuimba mbele ya watu. Atakosea. Sheria mnaijua.