Vyumba Viwili, Miwani Moja

Mabenchi mawili yanatazamana kwenye kona ya mtaa, katikati yake birika la kahawa liko juu ya mkaa, na hakuna jambo la dunia hii ambalo halijawahi kusikilizwa na kuhukumiwa hapo. Asubuhi hiyo mlalamikaji alikuwa Pindo, fundi cherehani. Jana alikwenda kununua miwani, akarudi na bahasha. Mishono ilikuwa inamwendea kombo siku hizi, wateja wawili wamesharudisha suruali, na hofu aliyokuwa nayo hakutaka kijiwe kiijue. Kwa hiyo aliamua kukasirika.

— Pua moja, miwani moja, alisema. Watu wawili wa nini?

Kamusi, karani mstaafu asiyekosa neno, akaweka kikombe chini.

— Taratibu. Wa kwanza nani?

— Fundi miwani, yule wa mbele dukani. Mchangamfu huyo! Kanipima pua, kanivalisha fremu tatu, kasema hii imekukaa, mzee. Nikamwambia haya, nifungie. Kagoma! Eti yeye kazi yake kukata vioo na kuvitia kwenye fremu, mpaka mpima macho amwandikie jicho langu linataka kioo gani. Nikapelekwa chumba cha nyuma.

— Cha nyuma! Spana, fundi baiskeli, aliruka. Jambo la halali lina chumba cha nyuma?

— Humo kuna mama mmoja, ndiye mpima macho. Kanisomesha herufi ukutani, kanipulizia upepo jichoni, kazima taa, kanimulika. Halafu kachukua kalamu. Karatasi ya miwani hakuandika, kaandika barua ya hospitali. Eti presha ya jicho, la kushoto, nimuone daktari haraka.

— Presha ni ya moyo, Kamusi alihukumu. Jicho lina machozi tu.

— Mimi nampima mtu mwenyewe, nakata mwenyewe, nashona mwenyewe, alisema Pindo. Ukiona kazi imegawanywa, ujue kuna anayekula katikati.

Maneno yake yalimpendeza mwenyewe, akanywa kahawa.

— Ni mnyororo, alisema Spana. Wa mbele anakusukuma kwa wa nyuma, wa nyuma kwa daktari. Na ule upepo ndio wenyewe! Unalegeza jicho. Unaingia mzima, unatoka mgonjwa.

— Kulegeza ni kidogo, alisema Kamusi. Ile taa ni kamera. Jicho la mtu ni kama alama ya kidole. Sasa hivi picha yako iko ng'ambo, kuna mtu anaitumia kufungulia kabati la benki.

— Benki sina.

— Ndiyo maana umechelewa kushtuka. Fuata nyuki ule asali.

— Nyuki hapo nani? aliuliza muuza kahawa.

— Yule mama wa nyuma.

— Na asali?

— Usinikatize.

— Halafu mwenye macho haambiwi tazama, Spana alidakia. Wewe umeambiwa tazama juu, tazama chini. Dharau hiyo!

Walicheka. Pindo naye alicheka, ila alichelewa kidogo, maana methali ile ilimchoma.

— Chana hiyo barua, Kamusi akamaliza. Miwani ipo tele barabarani, unajaribu mwenyewe, unachagua. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Pindo akaitoa bahasha, akaishika pembe mbili. Alitamani sana kuichana. Ikichanwa, basi hakuna ugonjwa.

Mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua sketi yake kwa Pindo alikuwa amekaa mwisho wa benchi muda wote, akisikiliza.

— Samahani, baba. Ile fremu, ulikuwa na hela yake?

— Mkononi kabisa.

— Yule wa mbele akaikataa?

— Akaikataa.

— Na wa nyuma naye hakukuandikia ununue?

— Hakuandika.

— Sasa wezi gani hao wanaokataa hela yako?

 Spana akaanza kukagua kucha zake. Muuza kahawa alimimina kikombe ambacho hakikuagizwa.

Pindo aliirudisha bahasha mfukoni. Kisha akafanya jambo aliloliogopa tangu jana: alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akabaki na la kushoto. Kamusi, mbele yake, alionekana sawasawa, hata kifungo kilicholegea kwenye shati lake. Pembeni ya Kamusi hapakuwa na mtu, ukungu tu wa kijivu.

— Spana kaenda wapi?

— Niende wapi? alijibu Spana. Si nimekaa hapa, nimebanana na Kamusi?

 Pindo akakiondoa kiganja usoni taratibu, na Spana akawapo tena, macho yamemtoka.

— Acha baiskeli zako, Pindo alisema, unipeleke hospitali sasa hivi. Naogopa, ndugu yangu.