Kona ya Plastiki Chini ya Kiti

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, dukani na njiani, sogeeni karibu kidogo na redio. Leo tunamkumbuka fundi aliyetutoka mwaka mmoja uliopita. Kazi yake ilikuwa kubandika plastiki angavu juu ya rangi ya pikipiki, ili funguo, zipu za makoti na magoti ya waendeshaji yasiikwaruze. Ni kazi ya ajabu, maana ikifanywa vizuri haionekani. Yeye aliifanya vizuri.

Wateja walimwita Fundi Viputo. Jina lilikuwa la utani, kwa sababu viputo ndivyo vilivyokuwa maadui zake. Kiputo kimoja cha hewa chini ya plastiki, hata kiwe kama kichwa cha pini, kilimkosesha raha. Alinyunyiza maji ya sabuni kwenye tangi, akalaza plastiki, akayasukuma maji nje kwa kipande cha raba. Pale tangi linapopinda alipasha moto kwa drayer ya saluni, mpaka plastiki ilegee na kukubali. Akiona punje ya vumbi imebaki ndani, anabandua yote. Anaanza upya.

"Fundi, hiyo nani ataiona?" mteja mwenye haraka angeuliza.

"Wewe ushaiona. Sasa mimi nitalalaje?"

Kabla ya kazi alimwagia sakafu maji, vumbi litulie. Alifunga dirisha. Alivua shati, akabaki na fulana, kwa kuwa mashati hudondosha nyuzi. Mtu mwenye nyuzi mwilini hakuruhusiwa kuvuka mlango wa karakana ile. Na mtu wa namna hiyo ndiye fundi aliyekuja kumwoa, wasikilizaji wapendwa. Alioa mshonaji wa mapazia.

Mjane wake ametusimulia siku waliyokutana. Alikuwa amenunua pikipiki kuukuu ya kupelekea mapazia kwa wateja, akaipaka rangi ya bluu. Alitaka bluu ile idumu.

"Simama hapo hapo mlangoni, dada," fundi alimwambia. "Umejaa nyuzi."

"Nimekuja na pikipiki, sikuja na ukurutu!"

Akasimama mlangoni, amekunja mikono. Lakini uvumilivu wake ulikuwa mfupi. Fundi alipokwisha kulifuta tangi, ameishika plastiki iliyoloa kwa mikono miwili, mshonaji akaingia, akaligusa tangi kwa kidole gumba. "Hivi rangi imekauka kweli?" Kidole kile kilikuwa na mafuta ya cherehani.

"Niliona ameona," anasema. "Aliniangalia mimi, akaiangalia ile alama. Nikajua sasa natukanwa. Halafu akalaza plastiki juu yake."

Alilaza plastiki juu yake. Fundi aliyebandua kazi nzima kwa ajili ya punje ya vumbi, aliacha kidole cha mtu katikati ya tangi. Akasukuma maji, akajifuta mkono kwenye fulana, akainama kwa muda nyuma ya tangi, kisha akarudisha kiti cha pikipiki mahali pake.

"Tayari."

"Na kidole changu je?"

"Kidole gani?" akajibu, akaenda kuosha raba yake.

Walioana. Walimpata binti mmoja. "Baba alinibandikia plastiki mpaka madaftari ya shule," binti anakumbuka. "Walimu wakauliza nimeyanunua wapi." Alama ile ilibaki kwenye tangi miaka yote. Jua likipiga kutoka ubavuni, mistari ya kidole ilionekana waziwazi. Mama akisimama kwenye taa za barabarani, aliweka kidole chake pale pale.

Mara nyingi alimchokoza. "Baba watoto, uliniachia kidole kwa mapenzi, au ulikuwa umechoka?"

"Watoto wako wapi? Tunaye mmoja," anajibu, anacheka, anaomba chai.

Swali lenyewe hakulijibu. Mjane anatuambia hakuhitaji hotuba. Alitaka kusikia mara moja tu kwamba haikuwa uchovu.

Mwaka jana fundi alitoka asubuhi akisema atarudi mapema kutengeneza kitasa cha mlango wa jikoni. Kifua kilimbana akiwa kazini. Alipelekwa hospitali, hakurudi. Kitasa kile bado kinafungwa kwa kamba.

Na plastiki nayo, wasikilizaji wapendwa, ina umri wake. Iligeuka njano. Mwenzake wa karakana alianza kumbembeleza mjane.

"Shemeji, hii imekwisha. Ikipigwa na mvua nyingine itatoka na rangi."

"Basi itoke."

"Ili ulie tena? Aliiweka ilinde rangi, shemeji. Haikuwa pambo."

Alikataa kwa miezi. Kuibandua ni kuondoa kidole kile. Kuiacha ni kuharibu bluu ambayo mumewe aliitunza. Wiki iliyopita alikubali, kwa sharti kwamba atabandua mwenyewe.

Walimwagia sakafu maji. Alivua gauni lake la kazi lenye nyuzi, akavaa fulana ya marehemu. Alipasha moto kwa drayer ile ile, akavuta taratibu, kuanzia mbele. Bluu ilijitokeza mpya kabisa. Alipofika katikati, alama ilinyanyuka pamoja na plastiki, ikajikunja, ikapotea.

"Kimekwenda," alisema. Akaendelea kuvuta.

Wakafungua kiti. Alipotazama chini yake, mwenzake alishtuka. Plastiki haikukatwa ukingoni. Kona nzima ilikuwa imekunjwa na kufichwa chini ya kiti, mahali ambapo jua halifiki. Kona ile bado ilikuwa angavu. Ndani ya gundi palikuwa na alama ya kidole gumba kipana cha marehemu, chenye kovu la wembe katikati.

"Kona hii ni ya kushikia plastiki tu, halafu tunaikata na kuitupa," mwenzake alisema. "Na tunaishika kwa vidole vilivyoloa. Kidole kikavu kinaacha alama kwenye gundi. Hilo ndilo somo la kwanza." Akaigeuza kona kwenye mwanga. "Shemeji, huyu alikausha kidole kwanza."

Mama akaitazama fulana aliyoivaa. Alikumbuka mkono ukifutwa kwenye kitambaa kama kile. Siku ile alidhani anajifuta sabuni tu.

Wasikilizaji wapendwa, kituo chetu kinatoa pole kwa mjane, kwa binti, na kwa mwenzake wa karakana. Tunawapa pole pia nyote ambao mnasubiri neno kutoka kwa mtu asiyeweza tena kulisema. Tuombe utulivu wa moyo. Na tukifika nyumbani leo, tuangalie vizuri vitu walivyovishika wapendwa wetu waliotutoka.

Tangi la bluu sasa lina plastiki mpya. "Futa vizuri," mama alimwambia yule mwenzake wa fundi. "Usiache kitu." Kona ile ameibandika kwenye kioo cha dirisha, juu ya cherehani yake. Tulipomtembelea tuliona kiputo kimoja kimebaki ndani. Tukamwonyesha.

"Nakiona kila siku," alisema, mguu ukiwa bado kwenye pedeli. "Aje akitoe mwenyewe."