Nani Atamwinulia Msahafu

Mume wangu alifariki Jumanne asubuhi, mwaka jana. Tangu siku hiyo, nikivuka feri ya Likoni husikiliza maneno ya watu, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kusema naye.

Leo walisimama karibu nami wanawake wawili wasiojuana. Mmoja, Nadira, ambaye wazee wake walitoka Pakistani, alikuwa amebeba msahafu uliofungwa kwa hariri ya kijani. Alimweleza mwenziwe, bibi mzee wa Mtongwe, kwamba kwao bibi harusi akiondoka nyumbani, babake humwinulia msahafu juu ya kichwa mpaka afike garini. "Babake binti yangu ametangulia mbele ya haki. Sasa shemeji yangu ataka aushike yeye. Nimemwambia nitaushika mimi."

"Binti yako mrefu?" bibi aliuliza.

"Amenipita kichwa kizima."

"Basi utapanda kigoda, na kigoda hakitembei, mwanangu."

Nadira alicheka kidogo. "Nimemlea peke yangu miaka sita. Shemeji hakuja hata binti alipolazwa hospitali."

"Huyo naye kafiwa na nduguye. Mwachie msahafu, wewe mshike binti yako mkono."

"Akiushika yeye, binti yangu atakuwa katolewa nyumbani na nani?"

Bibi akafikiri. Nami nilifikiri, ingawa hakuna aliyeniuliza. Kabla bibi hajajibu, feri ilifika Likoni na watu wakaanza kushuka.

Akishuka, Nadira alimwambia mwenziwe kuwa harusi ni Jumamosi, baada ya Alasiri.