Clement Oldroyd na Mkia wa Pembetatu, 1916–1978

Bi Braithwaite, jirani yetu wa ukuta mmoja, alieneza mtaani kwamba marehemu aliichukia zawadi ya mwanawe hadi akaikata kwa msumeno siku ile ile aliyopewa. Kukata, ni kweli alikata. Kuchukia, hapana. Ndiyo maana nayasoma haya mimi, mkwe wake.

Mzee Clement Oldroyd alizaliwa tarehe 9 Machi 1916 hapa Otley, mtoto wa tatu wa mhunzi. Alisoma shule ya kanisa mpaka miaka kumi na minne, kisha akaingia karakana ya mitambo ya kuchapia. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti: "Mikono anayo, mdomo hana."

Mwaka 1940 alijiunga na jeshi la anga, akawa fundi katika uwanja mmoja nje ya York. Ndege zao za injini nne zilikuwa na mapezi mawili ya pembetatu mkiani, na mkia huo ulikuwa ukiwashinda marubani nguvu, hata ndege nyingine zikaanguka. Mwishoni mwa 1943 yakaletwa mapezi mapya, mapana, ya mraba. Marehemu na wenzake wakawa wanayabadilisha, ndege moja baada ya nyingine, kwa zamu. Novemba ile rafiki yake Stanley Holroyd, mpiga bunduki wa nyuma, aliruka na wenzake sita. Hawakurudi.

Tarehe 22 Juni 1946 alimwoa Mama Edna, dada yake Stanley. Sukari ilikuwa ya mgawo, kwa hiyo keki ya harusi ilikuwa boksi tupu lililopambwa, na kikeki kidogo kimefichwa chini yake. Marehemu alimwambia mama mkwe wake kwamba hajawahi kuona boksi linalonukia hivyo. Akarudi karakanani, na huko alifanya kazi mpaka alipougua.

Alipotimiza miaka sitini, Trevor, mume wangu, alimnunulia ndege ya plastiki ya kuunganisha kwa gundi. Ilikuwa ndege ile ile aliyoihudumia vitani, ila ya toleo la baadaye, lenye mapezi ya mraba. Akachukua msumeno.

"Baba, hata gundi hujafungua, unaikata!" Trevor akasema.

"Hii imezaliwa juzi," akajibu. "Mimi namtaka mama yake."

Alipunguza mapezi kwa tupa na msasa yakawa pembetatu. Aling'oa injini zenye pua ya duara, akaweka zilizochongoka alizozitoa kwenye boksi la ndege nyingine. Kazi hiyo ilimchukua mwaka mzima. Kwenye mashindano ya chama chao cha waunda ndege za plastiki kule Leeds, mwamuzi kijana alimkata alama. "Mzee, mkia umeukosea."

"Mwanangu," marehemu akasema, "ningefurahi sana kama ningekuwa nimekosea."

Kilichobaki kilikuwa kumwonesha Mama Edna, na hapo alishindwa. Kila Mama alipoingia, aliifunika kwa gazeti.

"We Clement, umeficha mwanamke humo?"

"Wa plastiki, mke wangu."

Oktoba iliyopita mapafu yalimlaza. Alifariki Alhamisi tarehe 2 Februari 1978, saa nane mchana, Mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, Edna, mwana, Trevor, mkwe mmoja, na mjukuu, Joanne, wa miezi saba. Mungu amjalie usingizi usio na deni la maneno.

Liko neno moja aliloniachia. Mama ameshalisikia jikoni, naye ndiye aliyesema nilisome mbele yenu. Wiki yake ya mwisho marehemu aliniita, akaongea kidogo kidogo kwa kukosa pumzi:

"Binti, mimi nimeshindwa miaka thelathini na minne. Siku ya kunizika msomee Edna. Mwambie ndege ya Stanley zamu yake ya mapezi mapya ilikuwa Jumatatu, kwangu mimi, na iliruka Ijumaa kabla ya hapo na mkia wake wa zamani. Sijui kama ndio uliomwua. Halafu mpe ile niliyoitengeneza, aamue mwenyewe pa kuiweka."