Sheikh Mahrous bin Hamed, Aliyewavika Joho Thabit na Khalaf

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa Sheikh Mahrous na juzi akamchukua, tunaeleza maisha yake kwa ufupi.

Marehemu alizaliwa Wete, Pemba, mwaka 1914, mtoto wa pili wa Bwana Hamed, mwenye shamba la mikarafuu, na Bibi Kaltham. Alihitimu Qurani ana miaka tisa, kisha akapelekwa Unguja kwa masheikh, akasoma fiqhi miaka kumi na miwili.

Mwaka 1941 alifanywa kadhi Chake Chake. Siku moja walimjia mke na mume wanataka kuachana. Akawaambia, "Nendeni mkanipikie wali wa nazi, nyote wawili, mniletee kesho." Walipouleta aliuonja, akasema, "Mbichi huu. Kapikeni tena." Mara ya tatu hawakurudi, walikuwa wameshaukalia wakiula wenyewe.

Alimuoa Bibi Ghaliya mwaka 1939, wakajaaliwa binti mmoja, Rahila. Baada ya mapinduzi ya 1964 walihama, na mwaka 1971 wakafika Omani, hapa Ibra, akawa imamu wa mtaa wetu. Rahila akaolewa na mtoto wa Bwana Thabit.

Mkubwa wa kabila alipofariki mwaka 1978, watu waligawanyika baina ya binamu wawili, Thabit na Khalaf. Wakakubaliana kuwa atakayevikwa joho na Sheikh ndiye mkubwa wao. Sheikh hakuitaka kazi ile. Alizunguka nyumba kwa nyumba siku arubaini akiwauliza watu, akamvika Thabit. Maneno yakaanza: kampa baba mkwe wa Rahila.

Miezi miwili baadaye ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa serikali: anayetambuliwa ni Khalaf, na Sheikh amvike.

"Nikikataa watapigana bunduki," alimwambia Bibi Ghaliya.

"Na ukikubali, Rahila hatokuja tena hapa."

"Najua. Basi nifanye nini, Ghaliya?"

Sheikh alimvika Khalaf. Bunduki hazikulia, lakini watu wa Thabit walijenga msikiti wao, na Rahila akakatazwa kukanyaga kwa wazazi wake. Miaka saba, kila Ijumaa baada ya sala, Sheikh alikwenda kwa miguu kubisha hodi kwa Thabit. Hakufunguliwa.

Mwezi wa Machi mwaka huu alipata kiharusi, akapoteza kauli. Hospitali ilimtibu, ikamrudisha nyumbani. Kwa mkono wa kushoto aliandika: "Niitieni wote wawili." Khalaf alikuja, akakaa. Thabit naye alikuja, akaiona gari ya Khalaf mlangoni, akageuza yake. Sheikh aliisikia ikiondoka. Aligeuza uso ukutani. Alifariki Jumatano, tarehe 17 Aprili 1985, baada ya adhuhuri.

Ameacha mjane, Bibi Ghaliya, binti, Rahila, wajukuu wanne, na mtoto wa dada yake, Hamdun, anayewasomea haya. Rahila hayumo miongoni mwa wanawake waliokaa ndani. Huko aliko wameweka matanga yao, na baada ya alasiri Hamdun atakwenda kuyasoma maneno haya haya kwao.

Mola amrehemu Sheikh wetu, ampe huko aliko utulivu ambao sisi hatukumpa.