Lucien Dufrane na Jengo Lililobaki Hewani

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo katika kanisa letu la Sawyer Falls, barabara zikiwa zinateleza namna hii, familia inawashukuru, na inawaomba mtulie kidogo mumsikie Lucien Adelard Dufrane, mumewe Bernice, baba yao Roberta na Wayne.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1950 hapa hapa kijijini, katika milima ya Adirondack, mtoto wa tatu wa mkata magogo Adelard na mkewe Odile, akasoma shule yetu hadi mwaka 1968, ingawa walimu wake walio hai watakubali kwamba mwili ulikuwa darasani na macho yalikuwa msituni.

Mwaka 1972 aliajiriwa Kambi ya Otterkill, yale majumba ya magogo yenye magome yake ambayo matajiri wa mjini walijengewa kando ya ziwa mwaka 1894, ili wacheze maisha ya porini wakiwa na watumishi, na ambayo wajukuu wao waliyatelekeza hadi mvua ikawa inaingia na kutoka itakavyo, naye akayarudishia uhai jumba moja baada ya jingine, akikata misonobari wakati wa baridi kali tu, kwa kuwa mti uliokatwa utomvu ukipanda humwaga gome lake lote.

Tarehe 7 Juni 1975 alifunga ndoa na Bernice Cutler, mpishi wa kambi, wakajaliwa Roberta mwaka 1977 na Wayne mwaka 1980.

Tarehe 2 Februari 1984 ukumbi wa chakula, aliokuwa ameuinua kwa jeki, uliteleza juu yake akiwa chini akibadilisha gogo la msingi, akabanwa paja tangu asubuhi hadi alasiri, akisikiliza magogo yakilia juu ya uso wake, na tangu siku hiyo aliogopa, tunasema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe hakuficha, kila asubuhi alitapika nyuma ya ghala kabla ya kutambaa chini ya nyumba, wenzake wakimtania, "Lucien, mimba ya miezi mingapi hiyo?" naye akijibu, "Mapacha, na baba yao ni wewe," kisha anafuta mdomo na kuingia. Bernice alimsihi aache, "Nyumba za watu wasiokujua hata jina, utazifia za nini?" akajibiwa, "Walizijenga babu zetu, mke wangu, hao wengine walizilalia tu."

Desemba iliyopita aliinua jengo kuu, zito kuliko yote, ili abadilishe magogo yake ya msingi, kwa jeki zilizokaa juu ya ardhi iliyoganda, kama tufanyavyo siku zote, maana ardhi yetu ya baridi ni ngumu kama mwamba, ila ni lazima jengo lishushwe kabla haijayeyuka, lakini tarehe 20 Februari moyo ulimwangusha uwanjani, jengo likabaki hewani. Hospitalini alimuuliza kila muuguzi, "Dada, mvua imenyesha?" wakadhani homa inamsemesha, hadi Roberta alipowaeleza kwamba mvua ndiyo huyeyusha ardhi chini ya jeki, na asubuhi ya tarehe 9 Machi 2019 alifariki, barafu ikidondoka matone dirishani.

Mnajua kaburi halichimbiki hapa hadi ardhi ilainike, kwa hiyo jeneza litangoja katika chumba cha mawe cha makaburini, na familia nyingine huomba ilainike upesi, lakini yetu inaogopa, inaogopa sana, kwa sababu ardhi itakayompokea Lucien ndiyo itakayozamisha jeki, na mvua inatarajiwa Alhamisi. Kesho asubuhi Roberta, aliyefanya kazi na baba yake miaka ishirini, na ndiye anayewasomea haya, ataingia chini kulishusha jengo. Mama yake amemwambia mbele yetu sote, "Ukiingia, usitegemee nitasimama nje kukungoja," na leo tumemkuta akipaka mafuta viatu vyake mwenyewe vya theluji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea nyama ya paa na maharage, mafundi wenzake mtakaokuja kesho na jeki zenu, na Bwana Ransom mchimba kaburi, aliyesema atangoja.

Baba, tuvumilie siku chache, usiuharakishe udongo kwa ajili yako, jengo likishakaa chini tutakuja kukulaza, na hadi hapo pumzika hapo ulipo, kwa amani.