Mtu wa Arobaini na Saba

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Kitivo, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wangu wa zamani na wa sasa, ndugu, jamaa na wageni waalikwa. Na wewe mume wangu, uliyeniambia asubuhi nisome nilichoandika nisiongeze hata neno: nisameheni, kwa maana karatasi ninazo mkononi na sioni cha kusoma.

Miaka thelathini na moja nimefundisha namna ya kukabili majanga. Nimeandika vitabu vinne juu ya hatari na ustahimilivu. Leo mnaniaga, na Mheshimiwa amekuja na kalamu yake kutia saini Mpango wa Dakika Nne, mpango wangu wa kutoa watu jengoni kengele ya moto ikilia, utumike katika majengo yote ya chuo. Mmenipigia makofi mpaka nimeona haya. Sasa nisemeje?

Kisa chenyewe mnakijua, au mnadhani mnakijua. Miaka miwili iliyopita mashine ya kutoa nakala ilishika moto ghorofa ya pili, kengele ikalia, na kwa dakika nne tukawa nje. Nilisimama uwanjani na saa yangu na orodha yangu, nikaita majina arobaini na sita, yote yakaitikiwa. Nikafurahi jamani! Moshi unatoka madirishani, mimi natabasamu.

Ndipo dereva wa idara akatoka kwenye mstari. Huyu, kila tukifanya zoezi la moto nilimwandika mkaidi, maana hajawahi kutulia mahali pake. Nikamfokea, "Rudi kwenye mstari!" Akaniuliza, "Profesa, Bi Ndoo yuko wapi?" Nikamjibu, na Mungu anisamehe, "Hayumo kwenye orodha." Akanipita, akaingia ndani.

Bi Ndoo ndiye mama anayetusafishia jengo. Ameajiriwa na kampuni ya usafi, si na chuo, kwa hiyo kwenye orodha zangu hakuwamo. Dereva alimkuta ghorofa ya tatu akipiga deki, moshi umeshafika kwenye ngazi. Akamfunika uso kwa tambara bichi, akamshusha, wakakohoa wote wawili mpaka jioni.

Kesho yake nilimfuata. "Mama, hukusikia kengele?"

"Nilisikia, Profesa."

"Sasa mbona hukutoka?"

"Si nilijua ni lile zoezi lenu? Nyie mkitoka ndiyo napata nafasi ya kupiga deki."

Mazoezi kumi na moja, ndugu zangu! Mara kumi na moja nimeandika "wote wametoka," na mara zote hizo yeye alikuwa ndani anafuta nyayo zetu.

Kwenye ripoti ya moto nikaandika: watu arobaini na sita, wote salama. Je, nilidanganya? Mbona kila neno lilikuwa kweli? Na kama sikudanganya, mbona nikisifiwa natamani kujificha? Nimechanganyikiwa, na sikuanza leo. Vitabu vinne, na sijui muda wote huo nilikuwa nahesabu nini. Hata mwenyewe Bi Ndoo simwelewi. Hajawahi kuninunia hata siku moja, na kila asubuhi ananiuliza kama watoto hawajambo.

Mheshimiwa, nakuomba mbele ya watu hawa: usitie saini leo. Orodha ziandikwe upya, aingie kila anayepita mlangoni, hata awe ameajiriwa na nani. Dereva wetu, nilikuonea, na ile ripoti ya ukaidi nimeichana mwenyewe.

Na wewe Bi Ndoo, nimekuketisha mbele kando ya mume wangu, na tangu nianze kusema nimekuona umeinuka mara mbili kuokota vikombe. Kaa, mama. Na siku kengele ikilia, acha deki, toka. Inakuita na wewe.

Kwa kunisikiliza mpaka hapa nilipofika, ingawa sijui ni wapi, asanteni sana.